Risasi Itokayo Mafichoni

Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Morogoro, nao Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea kusini mwa milima ya Uluguru. Vita vikawafuata hata Kisaki, kisha Beho Beho. Hapo, tarehe 4 Januari 1917, Kapteni Frederick Selous, mwindaji mashuhuri mwenye umri wa miaka 65, aliuawa kwa risasi ya mlenga shabaha aliyejificha. Aliyevizia wanyama maisha yake yote, naye aliviziwa.

Je, ni haki kumwua mtu asiyekuona? Wako wasemao kwamba huo ni uoga. Jibu hilo ni jepesi mno. Apigaye mzinga hajui utamwangukia nani. Mlenga shabaha humwona mtu mmoja katika darubini yake, naye aweza kumpiga huyo peke yake, au kumwacha. Kujificha si kosa. Lakini kwa kuwa ameona, wajibu wake ni mzito zaidi: hawezi kujitetea kwamba hakujua.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kuwa kujilinda ni halali, mradi nguvu isipite kiasi kinachohitajiwa. Vitani, adui mwenye silaha aweza kupigwa hata akiwa mbali. Raia, majeruhi na aliyejisalimisha hawaguswi. Kwa polisi mpaka ni mwembamba zaidi, maana mhalifu si adui wa taifa, bali ni raia anayengojewa na mahakama. Kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopitishwa Havana mwaka 1990 hazikubali kuua kwa kusudi, ila pale isipoepukika kabisa ili kuokoa maisha.

Basi, mafunzo ya askari huyu yasiishie katika kutuliza pumzi na kupima upepo na umbali. Afundishwe pia kuondoa kidole mara mateka anapookoka au silaha inapowekwa chini. Saa nyingi kazi yake ni kutazama na kuwapasha wenzake habari. Tena siku ambayo hakufyatua risasi yaweza kuwa siku aliyoitimiza vema kuliko zote.

Wazazi wenye vijana jeshini na katika polisi, msiwaulize tu kama wana shabaha. Waulizeni kama wanajua kungoja. Amri hutoka kwa mkubwa, lakini jicho lililomwona mtu ni la askari mwenyewe, na dhamiri haikabidhiwi ghalani pamoja na bunduki.