Lango Likifungwa, Vumbi Linabaki

Tumezoea kuongea juu ya milango kufunguliwa. Wiki hii hebu tuongee juu ya lango lililofungwa, na tujiulize kama kulifunga kulitosha.

Lango lenyewe liko Owino Uhuru, kule Mikindani, Mombasa. Ni mtaa wa watu wa kawaida: nyumba za udongo na mabati, vyumba vya kupanga, watoto wengi. Ukutani kabisa mwa mtaa huo palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa madini ya risasi. Wengi wetu tukisikia risasi tunafikiria bunduki. Ni madini hayo hayo, yale yanayomiminwa kuwa kichwa cha risasi. Hii ya betri haina mlio. Inatoka na moshi, inatua juu ya paa, inaingia kwenye maji ya mvua yanayokingwa kwa mabati, inalala uani pale watoto wanapochezea.

Kiwanda kilifungwa mwaka wa 2014. Hakikufungwa kwa sababu mwenyewe aliamka siku moja na roho ikamchoma. Kilifungwa kwa sababu ya kelele za wananchi, na mmoja wao ni Phyllis Omido, mama aliyeajiriwa hapo mwaka wa 2009 kufanya kazi ya ofisi. Mtoto wake mchanga akaugua. Ikadhaniwa malaria, ikadhaniwa taifodi, mpaka damu ilipopimwa ikakutwa na risasi. Mama huyo aliacha kazi akaanza kuwatetea majirani. Mwaka wa 2012 akakamatwa na polisi, na mwaka wa 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira, ambayo dunia nzima inaijua. Hiyo ni hadithi nzuri na imesimuliwa sana. Mimi nataka tukae na ile sehemu inayokuja baada ya makofi.

Kwa maana moshi ulikoma, lakini risasi haiozi. Mtu akimwaga maziwa, kesho yameganda na keshokutwa yameliwa na sisimizi. Risasi ikishaingia kwenye udongo inakaa. Miaka 10, miaka 50, iko pale pale kwenye tabaka la juu, hapo hapo mtoto anapotambaa kisha anaweka kidole mdomoni. Mtoto mdogo anaifyonza mara nne au tano zaidi ya mtu mzima. Mwili unaidhani ni kalisi, unaihifadhi kwenye mifupa, na mwanamke akishika mimba mifupa inaitoa tena kwenye damu, inamfikia aliye tumboni. Yaani msichana aliyecheza kwenye ule uwanja anaweza kumrithisha mtoto wake vumbi la kiwanda ambacho huyo mtoto hatakiona kamwe. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Inapunguza damu, inaleta degedege ikizidi, inaharibu mimba, na hata kikiwa kidogo inagusa ubongo wa mtoto: anakuwa mzito wa kushika masomo, hatulii, anaambiwa mjinga. Ziko dawa za kuitoa kwenye damu iliyojaa sana, lakini hazirudishi kilichoharibika kichwani. Na mtoto akitoka hospitali akarudi kwenye sakafu ile ile, ni kuchota maji kwa pakacha.

Sasa swali langu ndilo hili. Mtu akiacha kutenda ubaya, deni lake limeisha?

Makanisani tunapenda kujibu haraka. Tunasema yaliyopita si ndwele. Tunasema tusamehe, tusonge mbele, Mungu ataponya. Nami naamini katika kusamehe, lakini tuwe waangalifu ni nani anayesamehe. Mwenye haki ya kusamehe ni yule aliyeumizwa. Mimi nikiwa nimekaa zangu Nairobi siwezi kumsamehe mtu kwa niaba ya mtoto wa Owino Uhuru, na huyo mtoto mwenyewe hajui hata alichopoteza. Hajui angekuwa nani. Isitoshe, unaweza kumsamehe mtu. Udongo huwezi kuusamehe. Udongo unachimbwa.

Someni Mambo ya Walawi sura ya 14, kuanzia mstari wa 33. Ni sura ambayo wahubiri huiruka, mambo ya ukoma na ndege na hisopo, lakini pale pana sheria ya nyumba iliyoingiwa na pigo. Mwenye nyumba anaenda kwa kuhani anasema kuna kitu kama pigo nyumbani kwangu. Tazama anachofanya kuhani. Kwanza, hamuulizi huyo mtu ametenda dhambi gani. Hamwambii ukoo wake una laana. Anaamuru vyombo vitolewe nje kabla hajaingia, ili vitu vya maskini wa watu visije vikahesabiwa najisi vyote. Kisha anaingia mwenyewe, anatazama kuta kwa macho yake. Anaifunga nyumba siku saba. Anarudi. Anapima kama pigo limeenea. Kama limeenea, mawe yanang'olewa, kuta zinakwanguliwa ndani pande zote, na lile vumbi linapelekwa nje ya mji mahali pasipo safi, wala si kwa jirani. Mawe mengine yanaletwa, lipu mpya inapakwa. Na kuhani anarudi tena kukagua, maana huenda pigo likatokea upya, na likitokea nyumba inabomolewa.

Ndipo, baada ya hayo yote, linafanywa la upatanisho. Ndege na hisopo vinakuja mwisho. Hakuna mahali kuhani anaruhusiwa kunyunyiza kwanza halafu kukwangua ni baadaye bajeti ikipatikana.

Wataalamu wa leo wakisafisha nyumba zenye risasi wanafanya karibu vile vile. Wanapima udongo na vumbi nyumba kwa nyumba. Wanachimba tabaka la juu, wanalipeleka mahali palipotengwa, wanaleta udongo safi. Ndani hawafagii kwa ufagio mkavu kwa sababu utalirusha vumbi hewani. Wanafuta kwa maji. Kisha wanapima tena. Ni kazi ya polepole na ghali, na ndiyo maana kila mtu anaikimbia. Hata Marekani, kule Vernon karibu na Los Angeles, kampuni ya Exide ilifunga kiwanda chake cha betri mwaka wa 2015 kwa makubaliano kwamba haitashtakiwa kwa jinai, nayo itasafisha. Mwaka wa 2020 ikiwa imefilisika, mahakama ikairuhusu kukiacha kiwanja, na mzigo ukabaki kwa jimbo la California, linalochimba nyua za watu nyumba baada ya nyumba kwa pesa za umma. Kwa hivyo tusidhani ni shida ya Waafrika.

Zakayo anajulikana na watoto wa Sunday school kwa kupanda mti. Alichofanya baada ya kushuka hatukiimbi sana. Hakusema tu ameacha kunyang'anya. Alitaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Wokovu ulitangazwa katika nyumba hiyo baada ya mtu kutaja hesabu.

Turudi kwetu. Mwezi wa Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua kwamba watu wa Owino Uhuru, kama 3,000 hivi, walipwe shilingi bilioni 1.3, na mahali pale pasafishwe, la sivyo zitolewe shilingi milioni 700 za kusafishia. Ikaja rufaa, 2023 ushindi ukapanguliwa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha ile fidia. Hesabu mwenyewe: mtoto aliyezaliwa mwaka lango lilipofungwa alikuwa darasa la nne au la tano siku hiyo.

Kinachonisumbua zaidi katika ile hukumu ya 2020 ni mgawanyo wa lawama. Ungetarajia mwenye kiwanda abebe sehemu kubwa. Hapana. Jaji aliiweka NEMA, mamlaka ya serikali ya kulinda mazingira, kwenye asilimia 40, na kampuni iliyoyeyusha betri asilimia 25. Wizara nazo zikapewa sehemu zao. Ndugu mmoja aliniuliza, hii ni haki kweli? Pesa za NEMA ni kodi. Yaani muuza mboga wa Kisii alipie moshi wa Mombasa, na tajiri aende na faida yake?

Ni swali zuri na silidharau. Jibu langu liko Ezekieli 33. Mlinzi akiona upanga unakuja asipige tarumbeta, damu inatakwa mkononi mwake. Angalia kwamba si yeye aliyeshika upanga. Kosa lake ni kwamba watu walilala kwa sababu yeye yuko. Mama wa Owino Uhuru hana mashine ya kupima hewa. Aliona serikali imekiacha kiwanda kifanye kazi, akaona basi kitakuwa sawa. Uaminifu wake huo ndio uliomweka pale na watoto. Na mlinzi huyo ni wetu, tumemwajiri sisi na tunamlipa sisi. Hatuwezi kufurahia mlinzi wakati wa amani na kumkana wakati wa deni. Tena zile betri zilitoka wapi? Ni za matatu tulizopanda. Hiyo haimwondolei mwenye kiwanda lake hata senti moja, na natamani asilimia yake ingekuwa kubwa kuliko ile.

Nisieleweke vibaya kuhusu kazi. Wako vijana waliopata ugali kwenye kile kiwanda, na wako wapendwa katika kanisa hili wanaonunua skrapu na kulea familia kwa hiyo. Kuyeyusha betri si dhambi. Lazima mtu azifanye kitu, la sivyo zingejaa mitaroni. Dhambi iko kwenye kuyeyusha ukutani mwa watu kwa sababu watu hao ni maskini na hawatasikika. Hakuna aliyejaribu kukiweka kiwanda kile Nyali.

Kwa hivyo kwa wale wa skrapu, na kwa wavuvi wanaoyeyusha risasi jikoni kutengeneza chubwi za mishipi, neno langu ni la kawaida tu. Betri isivunjwe nyumbani wala nyuma ya kanisa. Asidi isimwagwe mtaroni. Anayeishika kazi hiyo avue nguo za kazi na kuoga huko huko, viatu vibaki nje, nguo hizo zifuliwe peke yake, kabla hajamnyanyua mtoto anayemkimbilia mlangoni.