Faili Hili Umelipokea kwa Nani?

Katika mradi wa Java ulioishi miaka mingi, aghalabu hukosi folda iitwayo lib. Ndani yake mna mafaili ya JAR, yaani maktaba za msimbo zilizoandikwa na watu wa nje: moja linazungumza na hifadhidata, jingine linatengeneza hati za PDF, jingine linaendesha mashine ya kadi. Aliyeyaweka huenda alishahama kazi. Programu inajengwa kila siku, inapelekwa kwa wateja, inashika fedha zao na siri zao, na ofisi nzima hakuna awezaye kusema mafaili hayo yalitoka wapi. Swali lililomo humo linavuka mipaka ya ufundi. Je, mtu aweza kubeba dhamana ya maneno ambayo hakuyaandika na wala hajawahi kuyasoma?

Njia ya kawaida ya kupata maktaba ni kuiomba kwa jina. Mwanaprogramu anayetumia Maven, chombo cha kujenga programu za Java, huandika katika faili la pom.xml kundi, jina na toleo, kisha Maven huifuata kwenye hazina ya wazi ya Maven Central, hulinganisha alama ya uhakiki, na kuleta pamoja nayo maktaba nyingine ambazo hiyo inazitegemea. Lakini si kila kitu kiko huko. Mpaka Septemba 2019, viunganishi vya JDBC vya kampuni ya Oracle, ambavyo maelfu ya programu za Java huvihitaji ili kufikia hifadhidata yake, havikuwepo Maven Central. Watu walivipakua wenyewe, kisha wakaviandikisha katika hazina iliyo ndani ya kompyuta zao kwa amri ya install-file.

Amri hiyo inastahili kutazamwa kwa makini. Faili lisipokuwa na pom.xml ndani yake, Maven humtaka mtu aitaje mwenyewe anwani ya maktaba: kundi lake, jina lake, toleo lake. Anachoandika ndicho kinachoingia daftarini. Akilichukua faili la toleo la 11 akaliita la 12, litaandikishwa la 12, na kila atakayefuata ataamini hivyo. Kwa hiyo mwanaprogramu wakati huo hafanyi kazi ya uchukuzi tu. Anatoa ushahidi.

Wengine hukwepa hatua hiyo kwa kulielekeza pom.xml moja kwa moja kwenye faili ndani ya folda, kwa alama ya system. Mradi hujengwa bila lawama, lakini kwa kawaida faili lenyewe haliingii kwenye kifurushi cha mwisho, na programu huanguka ikishafika kwa mteja. Watunzaji wa Maven wenyewe wanaishauri jamii iachane na njia hiyo. Hizo ni hitilafu za kuonekana, na hitilafu ya kuonekana hutibika.

Ugumu uko kwenye imani. Katika hotuba yake ya Tuzo ya Turing, iliyochapishwa mwaka 1984, Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa Unix, alionyesha jinsi kikusanyi, ile programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, kinavyoweza kutiwa sumu isiyoonekana popote katika msimbo unaosomwa. Hitimisho lake lilikuwa kali: mtu hawezi kuuamini msimbo ambao hakuuandika wote mwenyewe. Mwaka uliofuata mwanafalsafa John Hardwig alichapisha makala yenye hoja inayokwenda upande mwingine kabisa. Sehemu kubwa ya tunayoyajua, alisema, tunayajua kwa ushahidi walio nao wengine, na mara nyingine kumtegemea mjuzi ni busara kuliko kung'ang'ania kufikiri peke yako.

Thompson ameielewa hatari, lakini hakuna awezaye kuishi kwa kanuni yake. Mhasibu wa SACCO anayeandikiwa programu ya mikopo hawezi kungoja mpaka fundi wake aandike upya Java, mfumo endeshi na kiunganishi cha hifadhidata. Hardwig yuko karibu zaidi na ukweli wa maisha. Ila kumtegemea mjuzi kunadai kwamba mjuzi huyo ajulikane ni nani, na faili lisilo na asili halina mjuzi nyuma yake.

Desemba 2021 iliwafundisha wengi jambo hilo kwa uchungu. Udhaifu wa Log4Shell ulitangazwa katika Log4j, maktaba ya kuandika kumbukumbu za matukio, na ukapewa alama 10 kati ya 10 za hatari. Watafiti wa Google walihesabu vifurushi zaidi ya 17,000 vya Java vilivyoguswa, takriban asilimia 4 ya Maven Central, vingi vikiwa havikuiomba Log4j moja kwa moja bali kupitia maktaba nyingine. Waliokuwa na orodha safi waliuliza Maven na kujibiwa. Waliokuwa na mafaili ya kubandika walianza kupekua. JAR ni faili la ZIP, hivyo walilifungua wakatafuta ndani yake JndiLookup.class, wakaifuta, wakalifunga tena. Ndani ya JAR moja wakakuta nyingine, na ndani ya hiyo nyingine tena. Pale ambapo Log4j ilikuwa imechanganywa na msimbo mwingine na majina yake kubadilishwa, hata kutafuta kwa jina hakukusaidia.

Wanazuoni wa hadithi za Mtume walikabili swali la namna hii karne nyingi kabla ya kompyuta. Kauli ikifika, hawakutazama matini peke yake. Walidai isnadi, mnyororo wa wapokezi: fulani kapokea kwa fulani. Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 870, anasifika kwa kutaka pia ithibitike kwamba mpokezi alikutana kweli na aliyempokelea. Kisha kila mpokezi alipimwa kwa mambo mawili: uadilifu wa tabia yake, na usahihi wake katika kuhifadhi na kufikisha.

Vipimo hivyo viwili ni tofauti, na kompyuta hupima kimoja tu. Alama ya uhakiki huonyesha kwamba faili limefika bila kuguswa. Uaminifu wa aliyelituma hauonyeshi.

Kisa cha xz, ingawa si cha Java, kiliweka tofauti hiyo wazi. Mtu aliyejiita Jia Tan aliichangia maktaba hiyo ya kubana mafaili kwa zaidi ya miaka miwili, mpaka akakabidhiwa mamlaka ya kutoa matoleo. Katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya mwaka 2024 akaweka mlango wa siri. Kipande kilichouwasha hakikuwemo katika hazina ya wazi ya msimbo. Kilikuwa ndani ya vifurushi vya kupakua. Mnyororo ulikuwa mzima, na aliyeoza alikuwa mpokezi. Mhandisi wa programu Andres Freund aliuona mlango huo Machi 2024 kwa kuwa kuingia kwenye seva kulichelewa kwa takriban nusu sekunde, naye hakukubali kupuuza.

Anayebandika JAR ndani ya mradi wake naye ni mpokezi, na watakaomfuata wana haki ya kumpima. Hadaiwi kusoma kila mstari. Anadaiwa kuandika kando ya faili alilipata wapi, lini, kwa mkono wa nani, alama yake ya uhakiki ya SHA-256, leseni yake, na kwa nini hakulichukua kwenye hazina ya wazi. Faili lililopakuliwa kwa mtengenezaji wake na lile lililotoka kwenye flashi ya mfanyakazi mwenza yana daraja mbili tofauti, hata kama yana jina moja.

Na lile ambalo mnyororo wake umekatika, labda kwa sababu kampuni iliyoliandika ilishakufa? Wanazuoni hawakuitupa kila kauli dhaifu. Waliiita dhaifu waziwazi, na wengi wao wakakataza kujenga juu yake hukumu za halali na haramu. JAR ya aina hiyo inaweza kubaki mradini ikiwa na alama hiyo hiyo ya udhaifu, imetengwa katika huduma yake pekee, bila njia ya kutoka kwenda intaneti wala ufunguo wa hifadhidata ya wateja, huku mteja akiambiwa kwamba ipo kabla hajatia saini.