Uzi Uliokufa Mikononi Mwangu

Nina swali linalonikosesha usingizi, nalo limeanzia kwenye bolti moja.

Tangu nimalize kidato cha nne nashinda gereji nikijifunza ufundi wa pikipiki. Usiku ndiyo naandika riwaya yangu isiyokwisha. Siku hiyo alikuja kijana wa bodaboda kubadilisha oili. Nikamwaga, nikarudishia ile bolti ya chini ya injini, spana namba 17 mkononi. Nikakaza. Nikaongeza kidogo, mara nikaisikia inalegea badala ya kubana. Aliyewahi kushika spana anaujua ubaridi ule unaopanda mkononi. Uzi umekufa.

Bolti ile ni ya chuma, tumbo la injini ni alumini. Chuma kikigombana na alumini, anayeumia ni alumini. Bosi wangu akachungulia, akaninong'oneza: "Zungushia tepu ya mafundi bomba, rudishia. Uzi huo wameula wengi kabla yako."

Ni kweli. Kila fundi aliyepita aliongeza robo mzunguko kwa hofu ya kuvuja. Mimi nikawa wa mwisho tu. Je, wa mwisho ndiye mwenye kosa? Nilijitetea hivyo hadi jioni, na mpaka leo naona hoja hiyo ina nguvu. Lakini haikunisaidia. Kuua uzi tuligawana wengi, ila kunyamaza nilinyamaza peke yangu. Kijana aliniuliza, "Tayari, fundi?" Nikajibu, "Tayari." Neno moja, na ukilipeleka mahakamani pengine lingeshinda kesi. Pikipiki yenyewe ya mkataba, kila jioni anapeleka hesabu kwa mwenye mali. Bolti ikidondoka njiani oili inamwagika, injini inanoki, na hesabu inadaiwa vile vile.

Kesho yake nikamfuata kijiweni, nikamweleza. Nilitegemea matusi. Akatazama chini, kisha akasema, "Kaka, ilikuwa inavuja tangu wiki iliyopita. Nikaikaza kwa kukanyaga spana na mguu. Niliogopa kuwaambia, mngenidai hela nyingi."

Kumbe tulikuwa wawili tunafichana tundu moja! Nikataka kujisafisha hapo hapo: kosa lake, yakhe, mimi sina langu. Lakini jana niliposema "tayari" sikuyajua hayo. Nilinyamaza nikiamini kosa ni langu.

Tulimwaga ile oili mpya, tukalitanua tundu, tukachonga uzi mpana zaidi na kukaza humo bushi ya chuma iliyotoka kwa fundi wa kerezo, ndani yake ikiwa na uzi wa bolti ile ile ya milimita 12. Tukasafisha chenga zote, maana chenga moja ikibaki ndani ni balaa jingine. Gharama tukagawana nusu kwa nusu. Bosi hakutoa hata senti. Alisema ukweli huo nimeutaka mwenyewe, niulipie mwenyewe. Bado sijapata la kumjibu.