Chumvi, Shaba na Maji: Je, Kusema Kuwa Atomu Huungana ni Shirki?

  

Ndugu zetu wasomaji, imetufikia katika darasa letu barua ya kijana mmoja asomaye skuli ya sekondari. Asema kuwa mwalimu wake wa kemia aliwafundisha namna atomu zinavyoungana, akasema kuwa atomu ya sodiamu yataka kuitoa elektroni yake moja, na atomu ya klorini yatafuta elektroni moja ili ijikamilishe. Kijana alipoyasimulia maneno haya chuoni, maalim wake alighadhibika. Alimwambia kuwa kitu kisicho na roho hakitaki wala hakitafuti, na mwenye kuunganisha ni Mwenyezi Mungu peke yake, na mwenye kuyaandika hayo katika mtihani ameandika shirki kwa mkono wake. Sasa kijana auliza: je, aliache somo?

Jawabu ni kuwa asiliache. Wala hatutamvunjia heshima maalim wake, kwani khofu yake ina asili. Lakini kabla ya kueleza sina budi kukiri jambo. Yapata miaka 15 sasa, kijana mwingine alinijia mimi na swali lililokaribiana na hili, na wakati huo nilikuwa sijui atomu ni nini, wala sikuona haya kutolea hukumu nisilolijua. Nilimjibu kwa ukali, akaondoka, na somo akaliacha. Mpaka leo tukikutana njiani hunisalimu kwa adabu, na salamu ile hunichoma. Ndiyo sababu nilikaa na mwalimu mmoja wa sayansi, usiku baada ya usiku baada ya Isha, mpaka nikayafahamu haya nitakayoyasema.

Wataalamu wasema kuwa atomu ina kiini chenye umeme chanya, na kandokando ya kiini zimo elektroni zenye umeme hasi. Umeme wa namna mbili mbalimbali huvutana, na wa namna moja husukumana. Juu ya mvutano huu ndipo yaliposimama mafungamano yote ya atomu, ijapokuwa sura zake ni mbalimbali.

Itazame chumvi, ambayo sisi watu wa pwani twaijua vyema, ivunwayo Gongoni na Ngomeni kwa kuyakausha maji ya bahari juani. Chumvi hii ni vitu viwili. Kimoja ni sodiamu, madini laini yakatikayo kwa kisu, nayo huhifadhiwe ndani ya mafuta, kwani yakikutana na maji huwaka na hata kulipuka. Cha pili ni klorini, gesi ya sumu, rangi yake baina ya manjano na kijani, ambayo jeshi la Kijerumani liliwapelekea adui zake huko Ypres, katika nchi ya Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, watu wakafa kwa kukosa pumzi. Basi hiki kiunguzacho na hiki kiuacho vikifungamana huwa ni kitu tukitiacho katika mchuzi na kuwalisha watoto wetu. Subhanallah! Mwenye kutaka mazingatio ayatafute wapi tena?

Na sababu yake ni hii. Sodiamu ina elektroni 11, na moja katika hizo iko nje peke yake. Klorini ina 17, na tabaka yake ya nje ina saba, yapungukiwa na moja ili iwe na nane. Elektroni ile hutoka huku ikenda kule; sodiamu ikabaki na umeme chanya, klorini ikawa na umeme hasi, na kila moja sasa yaitwa ioni. Ioni hizi huvutana na kujipanga safu kwa safu, kila moja imezungukwa na sita za namna ya pili, na mshiko wao ni mkubwa hata chumvi haiyayuki kwa moto mpaka ufike joto la digrii 801.

Hapa ndipo nilipomwuliza yule mwalimu: je, ni kweli sodiamu yataka kutoa? Akacheka, akasema la. Kuing'oa elektroni ile kutoka kwa sodiamu kwahitaji nguvu, na nguvu irudiyo klorini inapoipokea ni ndogo kuliko iliyotumika kung'oa. Lau mambo yangeishia hapo, biashara ingekuwa ya khasara. Faida yapatikana katika kule kuvutana kwa ioni zinapojipanga pamoja. Kwa hivyo hata mbele ya wanakemia wenyewe neno "yataka" si hakika, bali ni majazi, njia ya kumsahilishia mwanafunzi.

Na majazi, enyi ndugu, si jambo geni kwetu. Kila aliyesoma balagha ameusoma mfano wa mtu asemaye kuwa masika yameotesha majani. Wanavyuoni walisema kuwa neno hilo likitoka kwa muumini ni majazi, kwani yeye ajua kuwa mwoteshaji ni Mola wake. Na likitoka kwa asiyeamini kuwa yuko Mola, basi yeye amekusudia dhahiri yake. Neno ni moja, na hukumu yafuata itikadi ya msemaji. Sisi wenyewe twasema kila siku kuwa dawa imemponya fulani na mvua imeharibu njia, wala hapana amwambiaye mwenziwe arudie shahada. Vipi basi kijana ahukumiwe kwa sodiamu?

Nashuku kuwa jambo jingine lililomtisha maalim wetu ni lile fungamano la pili, ambalo kijana ameliita katika barua yake "kushirikiana". Shirika na shirki yana asili moja katika Kiarabu, lakini mtu na nduguye wakishirikiana duka hawakumshirikisha Mungu. Mwaka 1916 mtaalamu wa Kimarekani, Gilbert Lewis, alieleza kuwa atomu mbili zaweza kuwa na jozi ya elektroni kwa shirika, isiyokuwa ya hii wala ya ile peke yake. Hivyo ndivyo iungwavyo hewa tuivutayo, na sukari, na nyama ya miili yetu. Makaa ya kaboni, kila atomu ikishirikiana na jirani wanne pande zote, huwa almasi. Ikishirikiana na watatu katika tabaka zitelezazo, huwa ile nyeusi iliyomo katika kalamu ya risasi.

Shaba nayo ina jambo lake. Katika madini, elektroni za nje hazina mwenyewe khasa, zazunguka baina ya atomu zote, kama mali ya wakfu ambayo wote wanufaika nayo na hapana awezaye kuiuza. Kwa hivyo ukiipiga chumvi kwa nyundo hupasuka, kwani safu zikisogea, ioni za namna moja hukabiliana na kusukumana. Lakini fundi wa masinia aipiga shaba nayo hutanuka, kwani tabaka zikiteleza zile elektroni bado zazishika.

Ama maji, ndani ya kila chembe yake mna shirika la oksijeni na haidrojeni mbili, lakini si shirika la sawa: oksijeni yavuta zaidi. Kwa hivyo upande mmoja wa chembe huwa hasi kidogo na mwingine chanya kidogo, na chembe hushikana na jirani yake mshiko dhaifu, kama sehemu moja katika 20 ya nguvu ya lile shirika la ndani. Udhaifu huo ndio uhai wetu. Lau usingekuwapo, maji yangekuwa hewa katika joto letu hili, wala pasingekuwa na kisima wala udhu.

Wako watakaosema kuwa Imam Ghazali alikataa kuwa moto kwa dhati yake ndio uunguzao pamba. Ni kweli, na Ibn Rushd alimpinga. Lakini Ghazali hakukataa kuwa pamba huungua. Alisema hiyo ni ada aliyoipitisha Mwenyezi Mungu. Basi mwenye kusoma kemia aisoma ada hiyo. Na kwa upande wa pili nawaonya vijana wetu wasipande mimbari kusema kuwa neno "dharra" la Qurani ni atomu hii ya maabara. Wafasiri walilieleza kuwa ni sisimizi mdogo au vumbi lionekanalo katika mwali wa jua, na kuyavuta maneno namna hiyo ni kuifanya dini mtumwa wa kitabu cha skuli kitakachobadilishwa kesho.

Maneno haya nimempelekea maalim wake kabla hayajapigwa chapa, kwa kuwa yeye ni mkubwa wangu kwa umri. Amenijibu kuwa hajakinai, lakini atakuja darasani. Nimemwahidi kuwa atanikuta na donge la chumvi, na kipande cha shaba, na nyundo.