Mbwa Huyu ni wa Nani?

Swali hili huulizwa mara chache katika maisha ya mbwa, na kila liulizwapo huulizwa kwa hasira au kwa hofu. Mimi nililisikia Nangara, katika mji wa Babati, asubuhi moja ya majira ya mavuno, wakati mabua ya mahindi yalipokuwa yamelundikwa nyuma ya nyumba. Binti wa miaka sita au saba alikuwa ametumwa dukani, akakata njia nyuma ya nyumba za jirani. Mbwa jike mwekundu alimrukia, akamwuma mguu chini ya goti, kisha akaenda zake. Watu wakakusanyika. Mbwa yule alijulikana na wote. Usiku alilala katika ua wa nyumba moja, akibweka kila apitapo mgeni. Asubuhi alikula makombo ya mama mmoja mwuza vitumbua. Na jioni alifuatana na vijana wa nyumba ya tatu wakirudisha mbuzi kutoka malishoni.

Basi swali likaulizwa. Mwenye ua alijibu kwamba mbwa hulala pale kwa kupenda mwenyewe, wala yeye hakumleta. Mama wa vitumbua alisema kwamba yeye hutupa makombo tu, na makombo hayachagui mlaji. Vijana walisema kwamba mbwa huwafuata bila ya kuitwa. Hata saa moja haikupita, na mbwa aliyekuwa na nyumba tatu akawa hana hata moja.

Hapakuwa na mwongo kati yao, na hilo ndilo lililonifanya nisiweze kulisahau jambo lile. Kila mmoja alisema kweli juu ya sehemu yake, na kweli tatu zilipokutana zikazaa uongo mmoja, kwamba mbwa hakuwa wa mtu. Wala mimi niliyesimama pale sikuwa na haki ya kuwalaumu. Ni mara ngapi nimelala usingizi mwema kwa sababu mbwa yule alikuwa macho?

Tulitazame neno "wangu". Jembe langu nikiliacha mvuani litaliwa na kutu, na hasara ni yangu. Mbwa si kama jembe. Ana meno, tena ana tumbo la uzazi, na vyote viwili hutoka nje ya ua wa mwenyewe bila ya kuomba ruhusa. Umiliki wake haupimwi kwa bei, maana aghalabu mbwa wa kwetu hana bei. Huombwa kwa jirani akaletwa kikapuni. Wala haupimwi kwa chakula, maana hata jalala humlisha. Nadhani hupimwa kwa jambo moja tu: kuwapo kwa mtu atakayejibu siku mbwa atakapoulizwa. Wahenga walisema kwamba mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Katika methali hiyo mbwa hasimami peke yake hata kidogo. Nyuma yake yuko msasi, na kijiji kizima chamjua kwa jina.

Wengine hudhani kwamba mbwa ni kiumbe cha kuwekwa mbali, na kwamba kuwekwa mbali kwake kwatutoa katika deni. Mafakihi wa madhehebu ya Shafi wameshika kwamba mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini sheria ile ile imemruhusu mbwa wa kuwinda, wa kuchunga na wa kulinda shamba, na mapokeo yale yale yana habari ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumtekea maji kisimani mbwa aliyekuwa na kiu. Kuepuka mate ni jambo moja, na kuepuka wajibu ni jambo jingine.

Mwanafalsafa wa Ujerumani, Immanuel Kant, hakukubali kwamba mtu ana wajibu kwa mnyama mwenyewe. Hata hivyo, alipowafundisha wanafunzi wake alitoa mfano wa mbwa aliyetumika kwa uaminifu mpaka akazeeka, akasema kwamba bwana ampigaye risasi mbwa huyo kwa kuwa hana faida tena huuharibu utu wake yeye bwana. Jibu hili ni zuri, lakini kwangu halitoshi. Kant aliwatazama bwana na mbwa kana kwamba wako wawili tu duniani. Nangara walikuwa watatu: mbwa, bwana asiyekuwapo, na mtoto.

Kwa ajili ya mtoto yafaa tuseme kidogo juu ya kichaa cha mbwa. Virusi vyake huingia jerahani pamoja na mate, vikafuata mishipa ya fahamu polepole mpaka kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua majuma au miezi, na katika muda huo mtu hucheka na kula kama wenzake. Dalili zikitokea, karibu wote hufa. Kabla ya dalili karibu wote huokoka, jeraha likioshwa kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, na sindano zikianza bila ya kukawia. Ujuzi huu si mpya. Louis Pasteur alimchanja mtoto Joseph Meister mwezi wa Julai 1885. Hata hivyo ugonjwa huu hukadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, walio wengi wakiwa wa Asia na Afrika, na katika hao watoto ni wengi.

Hapa ndipo thamani ya mwenye mbwa inapoonekana. Mbwa aliyeuma akiwa na kichaa kwa kawaida hufa kabla ya siku 10 kwisha. Akiwapo mtu wa kumfunga, kumtazama siku hizo, na kuonyesha kadi yake ya chanjo, mganga hupata pa kushika, na mbwa akiwa mzima siku ya kumi, baba wa mtoto hupata usingizi. Mbwa wa Nangara hakupewa siku 10. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekwisha kuuawa kwa marungu na kufukiwa, na miongoni mwa waliomwua walikuwamo vijana aliowafuata malishoni. Baba wa binti akabaki na safari za hospitali, nauli, gharama, na hofu ambayo hakuna aliyeweza kumwondolea, kwa kuwa aliyekuwa na jibu alikuwa chini ya udongo.

Siku ya pili sauti nyembamba zilisikika katika mabua. Walikuwamo watoto watano wa mbwa, macho yamefunguka, wakitambaa kutafuta ziwa. Binti alikuwa amepita hatua mbili tatu tu kutoka hapo walipolala. Basi huenda jike yule aliuma kwa kichaa, na huenda aliuma kwa umama. Hatutajua kamwe.

Watoto hawa waleta nusu ya pili ya swali, ambayo mimi sijapata kuisikia ikiulizwa: ni nani aliyewazalisha? Sisemi baba yao; huyo ni mmoja katika mbwa wengi wa Babati, wala hakuna atakayemdai. Nasema mtu. Tukisikia habari ya mzalishaji wa mbwa twamfikiria mtu wa mjini mwenye banda la saruji na tangazo la kuuza. Lakini mtu anayemwacha jike wake huru wakati anapotaka dume, hali ajua litakalofuata, naye amezalisha mbwa, ingawa alikuwa amelala. Kutokusudia hakumfanyi mtu kuwa hakutenda. Tena wazalishaji wa usingizini ndio wengi.

Kosa lao si la ndani ya ua tu. Wataalamu wameona kwamba kichaa hukatika mahali ambapo mbwa wapatao 70 katika kila 100 wamechanjwa. Tangu mwaka 2003 mbwa wa vijiji vilivyo kando ya Serengeti wamekuwa wakichanjwa. Na kwamba mbwa wa mtu aweza kudhuru mbali na ua wake kulikwisha kufikiriwa huko mwaka 1994, ugonjwa wa distempa ulipoua yapata theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijijini wakatuhumiwa. Lakini hesabu ya 70 haikai mahali pamoja. Maisha ya mbwa wa vijijini ni mafupi. Wakubwa hufa na chanjo zao, wadogo huzaliwa bila ya chanjo, na kinga iliyojengwa mwaka huu hubomoka mwakani pasipo mtu kuigusa. Kila jike aachwaye kuzaa hovyo huchimba chini ya ukuta unaowalinda watoto wa jirani. Hata Pemba, ambako bahari ni ukuta, kichaa kilikwisha kukatwa, kikarudi mwaka 2016, kazi ikaanza tena.

Najua wako wasemao kwamba dawa ni risasi na sumu. Kisiwa cha Flores katika Indonesia kiliingiwa na kichaa mwaka 1997. Mbwa wengi mno wakauawa, na ugonjwa ukabaki. Nafasi ya waliouawa hujazwa na watoto wapya na mbwa walioletwa kutoka kwingine, nao hawana chanjo. Tena ashikwaye kwa urahisi ili auawe ni yule aliyezoea watu, na pengine ndiye aliyechanjwa.

Mzalishaji wa makusudi naye ana lake. Katika miji yetu mikubwa mbwa wa asili za kigeni wamekuwa sehemu ya heshima ya nyumba, kama geti na gari. Si vibaya mtu kupenda mbwa mzuri. Ila tangu vyama vya mbwa vilipoanza Ulaya (kile cha London kilianzishwa mwaka 1873), uzuri wa mbwa umezidi kuandikwa katika daftari, na mara nyingine daftari limemshinda mbwa. Buldogi amefupishwa pua hata kupumua ni kazi, na kichwa chake kimekuzwa hata mara nyingi jike hawezi kuzaa ila kwa kupasuliwa. Mbwa wengi wa Jamani Shepadi huugua nyonga. Mtu anayempandisha baba kwa binti yake ili kulinda asili, au anayemzalisha jike kila mara awezapo kushika mimba, au anayeuza mtoto kabla ya kuachishwa ziwa, ametenda kwa macho wazi yale ambayo jirani yangu alitenda kwa usingizi. Na tuseme kwa kupita kwamba mbwa wa misitu ya Kongo, asiyebweka kama wengine, alichukuliwa Uingereza katika miaka ya 1930 akapewa jina na hati za ukoo. Ndugu zake waliobaki huku twawaita koko.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni la umaskini, nami sitaki kulipita kwa haraka. Mama wa vitumbua aliniambia baadaye, "Mwalimu, mimi wanangu wananishinda, nitamwezaje mbwa?" Ni kweli. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, yenye kumtwika wajibu mtu aliye na mnyama. Lakini sheria humtafuta mwenye mnyama; haiwezi kumwumba pale ambapo kila mtu amejitoa. Wala sioni ubaya wa nyumba tatu kuwa na mbwa mmoja. Watu wetu wameshiriki visima, malisho na hata madume ya ng'ombe, na ushirika huo umeendeshwa vema kwa kuwa walioshiriki maji walishiriki pia kuzibua kisima. Nyumba tatu za Nangara zilishiriki kubweka kwa mbwa, lakini hazikushiriki kamba ya kumfunga jike kwa majuma yapata matatu anapotaka dume, wala mwendo wa kumpeleka siku ya chanjo. Vitu hivi vikigawanywa kwa watatu si mzigo wa kumshinda maskini. Kilichopungua hakikuwa fedha kwanza, hapakuwa na mtu mmoja wa kuwaambia wenzake, "Huyu ni wetu."

Binti alimaliza sindano zake zote, naye ni mzima. Afisa wa mifugo aliagiza watoto wa mbwa wafungiwe mahali pamoja na kutazamwa. Watatu walikufa kwa kukosa maziwa, na mmoja alichukuliwa na dereva wa lori. Wa tano alibaki. Zilipopita siku za kutazamwa, na watu wa chanjo walipokuja, mama wa vitumbua alimleta kifuani ndani ya khanga kuukuu, akasimama katika mstari pamoja na wavulana wenye mbwa wao wa kamba. Mwandishi alishika kadi, akauliza rangi ya mbwa, kisha akauliza jina la mwenyewe. Mama alitazama nyuma, kama aliyetumaini kwamba mtu mwingine angejibu. Kisha akataja jina lake, na mwandishi aliposikia vibaya akalitaja tena, kwa sauti.

Mbwa huyo ni jike. Mwaka ujao, majira kama haya, atakuwa amekomaa, nami sijaona bado kamba katika ua wowote kati ya zile nyumba tatu, wala katika ua wangu.