Acheni Kabureta Kwanza

Vijana wangu, trekta ya kukata nyasi ikiingia gereji na mwenyewe akalalamika kwamba imekosa nguvu, mkono wa fundi hukimbilia kabureta. Nimeona hivyo kwa mafundi wa kila rika. Kabureta iko karibu, imeshikwa na boliti mbili, na ukiifungua hukosi uchafu wa kumwonyesha mteja ili alipe bila kuuliza. Wiki ya pili mashine imerudi. Nawasihi mjizoeze kuanza mbali na kabureta, kwa sababu nguvu ya injini inaweza kuwa imezibwa mahali, au inaliwa chini ya injini yenyewe, au haikuwapo tangu siku mashine iliponunuliwa.

Nazungumzia zile trekta ndogo za kupandwa ambazo viwanja vya gofu, shule za bweni na hoteli zenye bustani kubwa hutumia: injini ya petroli ya silinda moja au mbili, inapozwa kwa hewa, na shafti yake imeelekea chini. Ni injini sahili. Usahili huo ndio unaowafanya vijana waidharau.

Anzeni kwa kuuliza. Ilianza lini? Ilipungua siku kwa siku au ilianguka ghafla? Inachoka ikishapata moto, au hata asubuhi ikiwa baridi? Iligonga nini? Ililala wapi na kwa muda gani? Maswali haya msimwulize aliyeileta kwa pikapu; mwulizeni anayeikalia kila siku. Na msimwulize mbele ya mwajiri wake, maana hapo atawaapia kwamba haijawahi kugusa hata kokoto. Mchukueni kando, mwamkieni kama mtu mzima, mumpe nafasi aseme. Mkataji nyasi aliyeketi juu ya injini ile mwaka mzima anaijua sauti yake kuliko ninyi, na akisema "iligonga kisiki Jumanne", amewaokolea siku nzima ya kazi.

Mkishasikia, iwasheni mahali tambarare bila kuunganisha visu, mvute akseleta mpaka mwisho, msikilize. Ikinguruma sawasawa, kisha mkiunganisha visu ikazama, injini haina hatia bado. Zimeni, ng'oeni ufunguo, vueni waya wa plagi muuweke mbali, vaeni glavu nzito. Toeni mkanda, mzungushe kila kisu kwa mkono. Kisu kinatakiwa kizunguke kwa wepesi na kimya. Kikikwaruza au kikikaza, beringi ya shafti yake imekufa, na injini imekuwa ikiivuta hiyo beringi badala ya kukata nyasi. Tazameni pia puli za kukazia mkanda. Kwangueni nyasi zilizogandamana chini ya bamba la visu, kwa sababu visu vikikosa nafasi ya kurusha nyasi nje huzisaga mara mbilimbili, na kila msago unakula nguvu. Kisu butu nacho hakikati, hupiga tu.

Halafu kuna nyasi zenyewe. Nyasi za kikuyu asili yake ni nyanda zetu za juu za Afrika Mashariki, na dunia imezichukua kutoka huku. Hutambaa na kujifuma mpaka zikawa godoro. Mwezi wa Aprili, mvua za masika zikiwa zimekolea, mwenye uwanja akikaa wiki tatu bila kukata kisha akateremsha visu mpaka chini kabisa, injini ya nguvu za farasi 17 itamlilia. Hapo hakuna cha kufungua. Mwambieni apandishe visu, akate theluthi moja ya urefu, arudi baada ya siku chache, na asubiri umande ukauke. Najua hamtalipwa kwa ushauri huo. Toeni hata hivyo.

Jambo la mwinuko wengi hawalitaji, nami naliona ni kubwa kwa sisi tunaofanya kazi bara. Kampuni ya Briggs & Stratton, iliyoanza Milwaukee, Marekani, mwaka 1908 na ambayo injini zake mtakutana nazo kila mara, huandika katika vitabu vyake kwamba injini hupoteza asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za kwenda juu kutoka usawa wa bahari, na asilimia 1 kwa kila nyuzi 5.6 za joto zinazozidi 25. Sasa pigeni hesabu. Nairobi iko karibu mita 1,700. Hiyo ni kama moja ya tano ya nguvu imekwisha kabla mashine haijagusa jani. Injini iliyokuwa na farasi 20 pale Mombasa, Nairobi ina kama 16, na Limuru, juu ya mita 2,000, ina pungufu zaidi. Tena hata zile 20 za kwenye kibandiko zilipimwa kiwandani bila baadhi ya vitu ambavyo injini hubeba ikiwa kazini. Huko Marekani wateja waliwashtaki watengenezaji kwa ajili ya namba hizo za farasi, na mwaka 2010 kesi ikamalizwa kwa maafikiano. Kwa hiyo mteja aliyehama na trekta yake kutoka pwani akiwaambia imedhoofika, huenda anasema kweli na huenda hakuna kilichoharibika.

Ila mwinuko una kazi yake kwenye kabureta. Jeti iliyotobolewa kwa hewa nzito ya usawa wa bahari, huku juu hutoa petroli nyingi kupita hewa iliyopo. Plagi inatoka nyeusi, ina masizi makavu, na ekzosi inanuka petroli. Kwa injini nyingi watengenezaji huuza jeti ya nyanda za juu. Ulizeni kwa namba ya injini. Na mashine hiyo ikirudishwa Mombasa, rudisheni jeti ya kwanza, la sivyo itapata mafuta haba na kuungua kwa joto.

Sasa pumzi. Chujio la hewa mnalijua, sitawachosha nalo, ila liangalieni kama limelowa oili, maana hiyo ni habari nitakayoirudia. Vueni kava ya feni juu ya injini. Msiipulizie hewa kutoka nje mkadhani mmesafisha, vueni boliti. Chini yake mapezi ya silinda mara nyingi yamezibwa na nyasi kavu, wakati mwingine kuna kiota kizima cha panya. Injini inayopozwa kwa hewa ikizibwa hapo huanza vizuri asubuhi, ikichemka inalegea, ikipumzishwa inapata nafuu, na mwenyewe ananunua koili mpya bure. Mwisho wa njia ya hewa ni ekzosi. Mashine iliyolala miezi kadhaa stoo, chunguzeni mdomo wa bomba. Nyigu wale wajenzi wa tope wanapenda tundu la namna ile, na injini isiyoweza kutoa moshi haiwezi kuvuta hewa mpya.

Petroli iliyokaa zaidi ya mwezi mmoja imwageni na kuweka mpya kabla ya kupima chochote. Kisha kuna hila ya mfuniko wa tangi. Una kitundu cha kupumulia. Kikizibwa, mashine inakata vizuri kwa robo saa, halafu inakosa nguvu na kuzima, ikipumzika inawaka tena. Legezeni mfuniko mkaendelee kukata. Ikipona, dawa ni bei ya mfuniko.

Kabla hamjawasha mashine ya mtu, chomoeni kijiti cha oili mkinuse. Kiwango kikiwa juu ya alama na kinanuka petroli, sindano ya floti inavuja na petroli imeshuka ndani ya injini usiku. Msiiwashe hivyo. Oili iliyochanganyika na petroli haikingi beringi, na oili iliyozidi huleta moshi na uzito. Badilisheni oili, mtibu sindano, ndipo muendelee. Hapo kabureta imejiita yenyewe.

Kwa injini ya silinda mbili, silinda moja inaweza kufa na nyingine ikaendelea kuzungusha mashine, ikanguruma hata kumdanganya fundi, mpaka ikutane na nyasi. Iwasheni ikiwa baridi kwa muda mfupi, mzime, msogeze kiganja karibu na kila bomba la ekzosi bila kuligusa. Moja likiwa baridi, mmeshajua upande. Badilishaneni plagi za pande mbili kabla ya kulaumu koili. Nafasi ya plagi kwa nyingi za Briggs ni milimita 0.76.

Mkiambiwa kuna kisiki, fungueni flaiwili. Kuna kii ndogo ya madini laini kati ya flaiwili na shafti, na imefanywa laini makusudi ili ivunjike yenyewe. Ikikatika hata kidogo, cheche inakuja wakati usio wake: injini inapiga teke wakati wa kustati, inawaka kwa shida, ikiwaka haina nguvu. Kii hiyo ni kipande kidogo cha bei rahisi. Msitengeneze ya kwenu kwa chuma kigumu. Nimeshawaona wanaofanya hivyo wakijisifu.

Hapa kwenye vali ndipo mnatakiwa kukaa. Injini za silinda moja zenye vali juu hulegea tapeti taratibu, na hakuna anayezipima mpaka mashine ishindwe. Dalili moja huwapoteza wengi: stata inazungusha nusu, inakwama, inazungusha tena, na mwenyewe amekwisha kununua betri mpya. Ndani ya injini hizi kamshafti ina kifaa kinachoinua vali moja kidogo wakati wa kustati ili kupunguza kompresheni. Tapeti ikilegea sana, ule mwinuo mdogo haufiki kwenye vali, na stata inapambana na kompresheni yote. Mkiiwasha kwa kuilazimisha, vali nazo hazifunguki kwa kina chake, na nguvu inapungua. Pimeni injini ikiwa baridi kabisa. Leteni pistoni juu kwenye mpigo wa kompresheni, kisha ipitisheni ishuke kama milimita 6, ili kile kifaa cha kamshafti kisiwadanganye. Kwa nyingi za Briggs za aina hii vali ya kuingiza hewa huwa kati ya milimita 0.08 na 0.13, ya ekzosi kati ya 0.13 na 0.18. Hata hivyo someni namba iliyogongwa kwenye injini na mfuate kitabu chake, si kumbukumbu ya mzee.

Kifaa hichohicho hufanya geji ya kawaida ya kompresheni iseme uongo kwenye injini hizi. Msimhukumu mtu kwa namba yake peke yake. Afadhali mjaze silinda hewa ya kompresa vali zikiwa zimefungwa, huku mwenzenu ameshika shafti kwa nguvu, msikilize inakovujia. Ikitokea kabureta, vali ya kuingiza imechoka. Ikitokea ekzosi, ni ya pili. Ikivuma kwenye tundu la kijiti cha oili, ni ringi, au ni gasketi ya hedi. Ndipo lile chujio lililolowa oili linapokuja kutoa ushahidi: gasketi ikipasuka kati ya silinda na njia ya pushirodi, moto unasukuma hewa chini kwenye oili, oili inatafuta njia kupitia pumzi ya injini, inalowesha chujio na kutoa moshi wa buluu. Wengi wakiona moshi huo husema pistoni imekwisha, wakamwuzia mtu injini mpya, na kumbe ilikuwa gasketi.

Gavana sasa. Ndani ya sampu kuna vizito vidogo vinavyofunguka kadiri mwendo unavyokua na kufunga koo la kabureta. Nje kuna springi inayolivuta lifunguke. Nyasi zikilemea, mwendo unashuka, vizito vinalegea, springi inafungua. Mmoja akae kitini aunganishe visu, mwingine asimame mbali na bamba akitazama mkono wa gavana. Usiposogea kuelekea kufungua, springi imekatika, imewekwa tundu lisilo lake, au fito imepinda, na injini nzima iko salama. Lakini naona vijana wakifunga mkono huo kwa waya ili "ipate resi". Nyingi za injini hizi zimewekewa ukomo wa mizunguko 3,600 kwa dakika. Kondarodi yake ni ya alumini. Ikizidishwa hukatika na kutoboa bloku, na kisu kinachozunguka kupita kipimo chake hurusha jiwe mpaka kwenye dirisha la darasa. Fundi akifunga gavana katika gereji yangu, hafanyi kazi hapa tena.

Mkifikia mahali ambapo ni ringi kweli, na silinda imechanika, msiendelee kufungua huku mkitumaini. Simamisheni kazi. Andikeni kwenye karatasi bei ya kutengeneza, bei ya injini nyingine, na bei ya siku mlizokwisha kuzitumia, mumpigie mwenyewe, mngoje jibu lake. Akisema aichukue hivyo ilivyo, mrudishieni boliti zake zote ndani ya mfuko, na mumtoze kazi ya kuchunguza tu.