Kisichopandwa na Mtu ni cha Nani?

Mvua zinyeshapo, uwanda wa Kitulo, ulio karibu mita 2,600 juu ya bahari, huvikwa maua. Ndiyo maana watu huuita Bustani ya Mungu. Umo katika mikoa ya Mbeya na Njombe, ile Njombe iliyomegwa kutoka Iringa mwaka 2012. Nao tangu mwaka 2005 ni Hifadhi ya Taifa. Humo zimehesabiwa aina zipatazo 45 za okidi.

Ua la okidi hunyauka, lakini mmea haufi. Aina nyingi za hapo zina viazi viwili udongoni: cha zamani, kilicholisha ua la mwaka huu, nacho chasinyaa, na kipya, kigumu, kilicho akiba ya mwaka ujao. Mchimbaji hukitaka hicho kipya. Wafanya biashara hukipeleka Zambia, ambako hutwangwa na kupikwa pamoja na karanga, kuwa chakula kiitwacho chikanda. Basi, achukuaye kiazi hicho hachukui tunda la mmea. Achukua uhai wake. Nazo mbegu za okidi ni ndogo kama vumbi, wala haziwezi kuota porini pasipo msaada wa kuvu ya udongoni.

Mtu aweza kuuliza: Kuna kosa gani kuchimba kisichopandwa na mtu? Mahindi ya jirani yana mwenyewe. Ua la mlimani ni la nani?

Swali hili tusilidharau. Mama anayetafuta ada ya shule hachimbi kwa ulafi. Tena Kanisa lafundisha kwamba mali za dunia zimewekwa kwa ajili ya watu wote, hata mtu aliye katika dhiki kuu akichukua chakula cha kuokoa maisha yake, haibi. Lakini tulitafakari neno hilo, “watu wote”. Je, mjukuu ambaye bado hajazaliwa si mmoja wao? Kisichopandwa na mtu si kwamba hakina mwenyewe; wenyewe ni wengi, na baadhi yao hawajafika bado kudai fungu lao. Sheria ya Musa ilimruhusu mtu kutwaa makinda katika kiota, ila ilimwamuru amwachie mama yao. Ruhusa ya kula haikuwa ruhusa ya kumaliza.

Hata hivyo, hukumu isimwangukie mwenye jembe peke yake. Mnunuzi ajazaye magunia ana kosa lililo kubwa zaidi, kwa kuwa yeye hasukumwi na njaa. Nasi tunaosifu maua, tukamwambia maskini, “Usichimbe,” tuna deni la kumwuliza, “Watoto wako watakula nini?” Asiyeuliza hivyo aipenda bustani, lakini amemsahau jirani yake aliyewekwa humo ailime na kuitunza.